Popo Mdogo Si Mtoto wa Popo Mkubwa

Harufu ndiyo iliyonichokoza. Juzi fundi Hamisi alipanda ngazi kukagua dari katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, akabandua ubao mmoja wa dari, na harufu ikashuka yote kwa mkupuo. Harufu kali ya mkojo uliokauka kwenye mbao, yenye uchachu na vumbi ndani yake. Aliyewahi kulala chini ya mabati yenye popo hahitaji kuelezwa. Nilishika kichwa cha kitanda cha shangazi yangu nikabaki nimesimama, nimerudi kijijini Masukulu, nina miaka tisa, nina ufagio mkononi.

"Mama, kumbe unafuga!" Hamisi akasema kutoka juu, anacheka. "Wamejaa humu. Ila vitoto tu. Wakubwa wenyewe watakuwa wako kwenye miti huko."

Nikamwambia ashuke. Hamisi ni mtu mzima, ana wajukuu. Babu yake alikuja huku kutoka pwani na cherehani yake, wakabaki, na yeye amepaua nusu ya nyumba za mtaa huu. Mtu wa namna hiyo, na bado anasema popo wadogo ni watoto wa popo wakubwa! Nilimkaripia kuliko alivyostahili. "Umri wako wote unaingia kwenye mapaa ya watu, hujawahi kumtazama popo usoni?"

Kitandani shangazi Sekela alijivuta kidogo. Macho yake hayaoni tena ila mwanga na vivuli, lakini masikio yapo. "Watoto hao," alisema. "Kila mtu anajua. Fundi, ziba matundu kabla hawajawaita wazazi wao."

Kila mtu anajua! Mdomo ule ule, maneno yale yale. Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na tenki la maji, maana ningebaki mle ndani ningemjibu vibaya mbele ya mgeni.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Alituacha mama na mimi katika nyumba ya matofali ya kuchoma kule Masukulu, yenye migomba mbele, chai nyuma, na mparachichi mmoja mkubwa pembeni mwa uwanja, upande wa jiko. Haikupita miezi mingi shangazi Sekela, dada yake baba, akarudi kutoka kwa mume wake na binti yake Bupe. Alisema amekuja kumliwaza wifi yake. Akachukua chumba cha mbele, kile chenye dirisha la kioo, na hakukiachia tena. Mimi niliona ni jambo zuri, nyumba imepata watu. Mtoto hajui kuhesabu vyumba na mashamba kama mtu mzima anavyohesabu.

Wewe wa rika langu uliyekulia huku unaikumbuka mvua ile isiyojua kukoma, sare za shule zinakaushiwa juu ya moto, unaingia darasani unanuka moshi na hakuna wa kukucheka kwa sababu wote mnanuka moshi. Na unakumbuka jioni popo wanavyotoka. Kwetu walikaa kati ya mabati na ukuta, juu ya chumba nilicholala mimi na mama. Walianza kuchakurachakura jua likiwa bado halijazama, wanagombana kwa visauti vyembamba, kisha wanajitupa nje mmoja mmoja kupitia tundu la kwenye pembe ya paa. Wadogo, wepesi, huwezi kuwafuata kwa macho. Baadaye kidogo walikuja wengine kutoka upande wa bonde, wakubwa, wanapiga mabawa taratibu mtu unasikia, kama mtu anayekung'uta shuka. Hao hawakukaa kwetu. Walitua kwenye miti na kuondoka. Kijiji kizima kilisema hawa ndio wazazi na wale wa darini ndio watoto, wanasubiri wakue wahamie kwenye miti. Hata mwalimu wetu alisema hivyo. Sikuona sababu ya kubisha, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa ng'ombe na kwa kuku.

Halafu Bupe akapata mchumba. Wageni wa posa walikuwa wanakuja Jumamosi, na kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwa soda, anapokelewa kwa ndizi mbivu na maziwa ya mgando. Kazi ya ndizi akapewa mama, kwa sababu hapakuwa na mtu pale kijijini aliyejua kuivisha ndizi kumzidi. Aliichagua mikungu miwili shambani kwa kuigonga tu na ukucha. Akailaza kwenye kichanja juu ya moto, akaifunika kwa majani makavu ya mgomba, akawa anaweka kuni mbichi kidogo ili moshi uwe mwingi na moto uwe mdogo. Nililala siku nne na harufu ile tamu, nameza mate. Ijumaa jioni aliishusha, ya njano tupu, akaitundika chini ya upenu wa jiko ili ipumue na kuacha moshi, akaizungushia majani yake makavu juu mpaka chini. Alinipa ndizi moja. "Zingine za wenye posa," alisema. "Ukigusa nakukata mkono." Alikuwa anatania. Mama alipenda kutania siku zile.

Jumamosi wageni walikaa, maziwa yakaletwa, shangazi akaita kwa sauti ya kujisifu, "Mama Tumpe, tuletee ndizi!" Mama akaenda kufungua majani. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba ungo. Karibu nusu ya ndizi zilikuwa maganda matupu, bado yameshikilia kwenye mkungu, yananing'inia, ndani hakuna kitu. Nyingine zimeng'atwa katikati. Mama alisimama pale, majani makavu mkononi, mpaka shangazi alipokuja mwenyewe kuona kinachochelewesha.

Shangazi hakunong'ona. Angetaka kuificha aibu ile angeweza, ndizi nzima zilikuwepo za kuwatosha wageni. Lakini aliunyakua mkungu kama ulivyo akaupeleka mpaka mbele ya wageni. "Jamani, nisaidieni. Ndizi za mwanangu. Huyu mwenzenu aliyefiwa na mume hapendi kuona binti wa mwenzie anaolewa. Amekaa gizani na mtoto wake wamekula."

"Ni popo, wifi," mama alisema. "Nakuapia. Ni popo."

"Popo!" Shangazi alicheka, na wageni nao wakacheka, maana alijua kuchekesha. Akanyoosha kidole juu ya paa. "Popo hawa? Vitoto hivi vya darini, kimoja kinaenea kwenye kijiko? Kila mtu anajua hawa hata meno bado. Wamekula mikungu miwili kwa kutumia nini?"

Posa ile haikuvunjika, Bupe aliolewa vizuri tu. Aliyevunjiwa ni mama. Wiki ile ile ndugu wa baba walikutana chini ya uenyekiti wa baba mkubwa Asegelile, kaka mkubwa wa baba, mzee mpole mwenye kikohozi. Wakaamua mama aende kwa ndugu zake kijiji cha Matwebe akapumzike. Ndivyo walivyosema, akapumzike. Mimi nibaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Mama alifunga nguo zake kwenye kanga mbili. Aliponiaga aliniinua kidevu akasema, "Tumpe, si mimi."

"Najua, mama."

"Najua unajua. Nisemee."

Akaondoka huku mvua inanyesha. Nilibaki na kazi moja tu duniani: kumsemea mama ili arudi.

Sasa nisikilize nilivyofikiri, na usinicheke. Ndizi zililiwa na popo. Waliozila ni wakubwa, maana wadogo kweli hawawezi, hapo shangazi alisema kweli. Wakubwa siwapati, wako juu ya miti. Lakini watoto wao ninao, wamelala juu ya kitanda changu. Basi nitawaua watoto mpaka wazazi washuke wenyewe, waje kulia pale uwanjani, watu wote waone ukubwa wao, waseme kumbe popo wa kumaliza mikungu wapo. Mpango huo niliuona hauna kasoro. Nilikuwa na hasira, jamani! Mpaka leo nikiikumbuka ile hasira nasikia ladha yake mdomoni.

Kila jioni nilifudikiza kinu chini ya lile tundu la kwenye pembe ya paa, nikapanda juu yake na ufagio wa chelewa. Popo akijitupa nje, nampiga. Mara nyingi nilipiga hewa. Lakini siku nyingine nilimpata mmoja, siku nyingine wawili, na kila niliyempata nilichora mstari wa mkaa kwenye fremu ya mlango. Kila nikipiga nilikuwa nasema, "Wa mama." Shangazi aliniona. Unafikiri alinikataza? Alinipongeza. "Afadhali, unasafisha nyumba," aliniambia, akanipa ufagio mpya, wenye chelewa ndefu zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa usafi. Kila alfajiri, kabla mtu mwingine hajaamka, nilisikia ufagio wake chini ya mparachichi, chwa, chwa, chwa. Nilimwonea fahari kidogo. Nilisema moyoni, ana roho mbaya lakini hana uvivu.

Mistari ilifika kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alianguka kwenye jiwe la kufulia akiwa bado hai, bawa moja limefunguka. Niliinama kumaliza kazi. Kifuani pake kulikuwa na kitu, nikadhani utumbo umetoka. Kikajongea. Kilikuwa kitoto cha rangi ya waridi, hakina unyoya hata mmoja, kimeng'ang'ania titi la mama yake kwa mdomo na kwa vidole vyote.

Nilikaa chini kwenye matope. Mtoto hana mtoto. Hilo hata mimi nililijua. Kama huyu ananyonyesha, basi huyu ni mtu mzima, amekua, amemaliza kukua, na huu mwili unaoenea kwenye kijiko ndio mwili wake wote. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho kama kichwa cha pini. Masikio makubwa kupita uso, yenye mikunjo, yameinamia mbele kama kofia. Midomo ya juu ina makunyanzi ya bibi kizee. Meno anayo, tena makali kama sindano, na katikati ya meno mguu wa mdudu, wa mbawakawa. Na mkia! Mkia mwembamba wa panya, umechomoza nje ya ngozi ya mabawa. Alikufa nikimtazama, na kile kitoto kikafa baadaye kidogo. Niliwaua watu kumi na wawili, kumi na watatu, ambao hawajawahi kula ndizi maishani mwao. Ningependa kukuambia kwamba nililia kwa huruma. Huruma ilikuwepo, lakini kilichoniliza zaidi ni uchungu wa kugundua kwamba nimefanya kile kile alichofanyiwa mama, na ufagio nimepewa na nani.

Nikaacha wadogo, nikahamia kwa wakubwa. Jioni nilikaa jikoni mlangoni, nikawaona wanatua kwenye mparachichi wakiwa na vitu midomoni, mapera ya majirani, vipande vya ndizi, wananing'inia na kutafuna, na nilisikia kabisa makapi yakidondoka kwenye majani makavu, tap, tap. Lakini asubuhi nikienda kuangalia, chini ya mti peupe! Sakafu ya udongo, mistari ya ufagio tu. Nikafikiri popo wakubwa wana adabu, hawaachi uchafu kwa watu. Wallahi nilifikiri hivyo, siku tano nzima.

Siku ya sita shangazi alishikwa na malaria. Hakuamka. Nilipotoka nje kulikuwa kumekucha, na chini ya mparachichi kulikuwa na matonge ya makapi yaliyotafunwa na kukamuliwa mpaka yakawa makavu, mbegu za mapera, na vipande vya maganda ya ndizi vyenye alama za meno. Ya usiku mmoja tu, na yangejaza ungo. Nilisimama pale na miguu peku, na polepole nikaelewa ule ufagio wa alfajiri. Hakuwa anafagia majani. Alikuwa anaona kila siku, kabla ya mtu mwingine yeyote, ni nani anayekula ndizi pale nyumbani, na kila siku anamfuta.

Malaria ilimlaza siku tatu, nami nikazitumia zote tatu. Nilikusanya makapi kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikachukua chandarua chakavu alichoacha mama, nikakizungushia kwenye kichane cha ndizi mbivu chini ya upenu ule ule. Asubuhi ya pili alikuwemo. Alikuwa amejiviringisha kwenye nyuzi, ananitazama. Nasema ananitazama, kwa sababu huyu alikuwa na macho, makubwa, ya kahawia, ya kuona. Sura ya mbwa mdogo, pua ndefu kidogo, masikio ya kawaida ya duara yasiyo na mikunjo, na chini ya kila sikio doa jeupe. Manyoya ya rangi ya udongo. Bawa lake nilipolifungua lilikuwa refu kuliko mkono wangu. Juu ya bawa kulikuwa na kucha mbili, moja ya dole gumba na moja ya kidole kinachofuata, wakati yule mdogo anayo moja tu ya dole gumba. Nikamgeuza kutafuta mkia. Hakuna. Alining'ata kidole hiki hapa, alama ipo, na sikumlaumu.

Jumapili baada ya ibada nilimpelekea baba mkubwa Asegelile ungo mbele ya ndugu wote. Juu ya ungo nilikuwa nimeweka popo mkubwa kwenye chandarua chake, yule popo mdogo wa kumi na mbili niliyemkausha juu ya jiko, pamoja na mwanawe, na kopo la makapi. Shangazi alikuwepo, amejifunga kitenge kichwani, bado dhaifu. Nilimwonyesha mzee masikio, akatazama. Macho, akatazama. Alihesabu kucha kwa kugusa na njiti ya kiberiti, akarudia, akakohoa. Alitafuta mkia wa mkubwa akaukosa.

"Ndaga, mwanangu," alisema. Kwa lugha ya kwetu hilo ni asante, na ni pole pia. "Hawa hawazaani. Hawa ni kama paka na mbuzi."

"Na anayekula ndizi ni huyu mkubwa," nikasema. "Na makapi yake yanaanguka chini ya mparachichi kila siku, na shangazi anayafagia kabla hatujaamka. Anajua. Alijua hata siku ya wageni."

Wote wakamgeukia. Hakutingishika. "Mimi nafagia uwanja," alisema. "Jamani, siku hizi mwanamke akifagia uwanja anashtakiwa? Mtoto wa darasa la nne analala na popo, anaongea na popo, na nyinyi mnamsikiliza?"

Baba mkubwa aliutazama ungo muda mrefu. Nilidhani anatafuta maneno ya kumwita mama. Kisha akasema kwamba nimefanya vizuri, kwamba nina akili kama baba yangu, lakini wazee walishakaa na kusema, na wazee hawawezi kukaa tena kwa ajili ya popo. Akaniambia nimwachie yule mkubwa aende zake. Nikamwachia. Ilikuwa mchana, akapepesuka, akaenda kujigonga kwenye migomba. Mama hakuitwa siku hiyo, wala siku nyingine.

Kuanzia kesho yake, na kwa miaka yote niliyoishi katika nyumba ile, kila asubuhi niliamka kabla ya shangazi, nikaokota tonge moja la makapi chini ya mparachichi, nikaliweka ndani ya kiatu chake cha kulia. Hakuwahi kuuliza nani ameweka, hakuwahi kunipiga kwa hilo, yeye aliyenipiga kwa kuvunja kikombe. Alikung'uta kiatu, akavaa. Nilikuwa nasubiri siku moja tu aseme neno. Nilipokwenda Matwebe likizo nilimsimulia mama yote, akaubusu mkono wangu wenye alama akasema, "Ulinisemea. Inatosha." Nikamwambia haitoshi. Mama amefariki mwaka jana, kwenye kijumba cha nyuma ya nyumba ya kaka yake, bila kukanyaga tena Masukulu.

Kina mama wa kanisani wananisifu kwa kumchukua shangazi Sekela. Bupe yuko mbali na simu hapokei, nyumba ya Masukulu imeanguka upande mmoja, basi nikaenda kumchukua mimi. "Una moyo, mama," wananiambia. Moyo ninao. Nyumba yangu ina vyumba vinne, na ni kimoja tu chenye popo juu, nami ndicho nilichompa. Na kila asubuhi namwekea ndizi mbivu mbili kwenye sahani, nammenyea nusu, naacha maganda yananing'inia. Nasema, "Karibu ndizi, shangazi." Anakula. Ni mwaka sasa.

Basi juzi, pale kwenye tenki la maji, nikamaliza kuvuta pumzi nikarudi ndani. Nikamwomba Hamisi glavu zake ngumu za kazi, nikapanda ngazi mwenyewe. Nikatafuta ninayemtaka, nikashuka naye, nikamviringisha kwenye kitambaa kinene, mdomo umefunikwa vizuri, nikakaa kitandani. Glavu ya pili nikamvisha shangazi mkono wa kushoto amshike. Mkono wa kulia nikauacha wazi.

"Gusa," nikasema.

"Nini hicho?"

"Mtoto wa popo. Si umesema? Gusa."

Nikakiongoza kidole chake. "Hili sikio. Lina mikunjo, unaona? Lile la mkubwa halina. Huu mkia, wa panya. Mkubwa hana. Hii kucha. Ngapi?"

"Moja," alisema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Mkubwa anazo mbili. Endelea. Hapa kifuani."

Kidole chake kikafika, kikasimama. Kitu laini, chenye joto, kisicho na unyoya. Hamisi alikuwa ameshika ngazi, anatazama. Shangazi alikipapasa kile kitu kwa ncha ya kidole, taratibu sana, kama mtu anayesoma.

"Ananyonyesha," alisema. "Kumbe ni mama wa mtu."

Nilimkabidhi Hamisi yule popo na kitambaa chake, akapanda kumwachia mahali pake. Shangazi alibaki ameinua mkono ule ule hewani.

"Nilikuwa naamka kabla yako," akasema.

"Najua."

"Nilikuwa nafagia."

"Najua ulikuwa unafagia. Sema ulikuwa unafagia nini."

Darini walianza kuchakura, maana jioni ilikuwa inakaribia. "Maganda," alisema. "Na makapi ya wale wakubwa. Jumamosi ile niliyakuta alfajiri, nikafungua majani nikaona ndizi zimeliwa, nikafunga tena. Mama yako hakula hata moja." Akatafuta mkono wangu juu ya blanketi. "Tumpe, mwanangu. Nimechoka na ndizi zako. Nisamehe."

Zaidi ya miaka thelathini nimelisubiri neno hilo, na lilipofika nikagundua limekuja kwenye nyumba isiyo yake. Si mimi niliyefunga nguo kwenye kanga mbili. Nikautoa mkono wangu. Nikamwambia Hamisi arudishie ule ubao na matundu ayaache kama yalivyo, wenye kunyonyesha wasisumbuliwe. Akaniuliza, "Na bibi je?" Nikamwambia bibi ana safari.

Jumamosi nampeleka Matwebe. Nimeshawapigia wajomba zangu, watakuwepo wote. Mama amezikwa pembeni mwa uwanja wao, chini ya mparachichi, na mjomba analalamika kwamba popo wakubwa wanatua pale kila jioni, kila asubuhi kaburi limejaa makapi na mbegu. Nimemwambia asiguse kitu mpaka tufike. Shangazi ataongea kwanza, kwa sauti, yale yale aliyoniambia mimi. Halafu nitampa ufagio. Nimenunua mpya, wa chelewa ndefu. Haoni, lakini kazi hiyo haihitaji macho, ameifanya miaka mingi gizani.